Mashine ya Mkate ya Nyumbani: Tini ya Wima, Tini ya Mlalo au Yenye Visanduku?

Boksi la mashine ya mkate hutangaza kwanza idadi ya programu: 12, 15, 19, hata 25. Kati ya namba zote zilizoandikwa pale, hiyo ndiyo yenye msaada mdogo kuliko zote. Programu nyingi ni mpango uleule wa kukanda, kuumua na kuoka, umeongezwa au kupunguzwa dakika, na watu wengi huishia kutumia tatu: mkate mweupe, mkate wa ngano isiyokobolewa, na ile ya kukanda tu bila kuoka. Kinachoamua mkate utakaokula kiko ndani: umbo la tini, yaani chombo cha ndani ambamo mkate hukandwa na kuokwa, na mwiko mdogo wa chuma unaozunguka chini yake kukanda unga. Kwa hiyo hapa mashine hazikupangwa kwa majina ya kampuni. Zimepangwa kwa aina tatu utakazokutana nazo dukani, na kila aina imepimwa kwa mambo yaleyale.

## Mambo ya kupimia

La kwanza ni kiasi. Uzito wa mkate ulioandikwa kwenye boksi haupimwi kwa namna moja na kila kampuni, hivyo fungua kitabu cha maelekezo utafute kiwango cha chini na cha juu cha unga. Chukua mfano huu: unga gramu 500, maji mililita 320, chumvi gramu 9, sukari gramu 15, mafuta gramu 20 na hamira kavu ya papo hapo gramu 5 hutoa donge la gramu 870 hivi. Likiokwa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi kwa mvuke, na unabaki na mkate wa gramu 780. Kiwango cha chini kina umuhimu sawa na cha juu, kwa sababu tini kubwa ikipewa unga gramu 300 hutoa kitu bapa kisichokatika vipande vya maana.

La pili ni ukandaji. Gluteni, ile protini ya ngano inayolipa donge mnyumbuko, hujengeka unga unapolowa vizuri kisha ukavutwa na kukunjwa tena na tena. Mwiko hulikamata donge na kulikokota kwenye kuta za tini, kwa hiyo pembe iliyo mbali na mwiko hubaki na unga mkavu.

Halafu kuna sura ya mkate na ganda lake. Koili ya joto huzunguka sehemu ya chini ya tini, na juu kuna mfuniko tu, mara nyingi wenye kioo kinachopoteza joto. Ndiyo maana mikate mingi ya mashine hutoka na ubavu wa kahawia na kichwa cheupe. Chini ya mkate hubaki shimo la mwiko, na ukubwa wake hutofautiana sana.

La nne ni muda na taima. Programu ya mkate mweupe huchukua saa 3 hadi 4, ya ngano isiyokobolewa saa 3 na nusu hadi 5, na ya mkate wa ganda gumu inaweza kufika saa 6. Zile za haraka, za saa 1 au 2, huharakisha kwa hamira nyingi na joto, na mkate wake hukauka mapema. Taima nyingi huruhusu kuchelewesha kwa saa 13 hivi.

La mwisho ni usafi na uimara. Kinachokufa kwanza katika mashine nyingi si mota wala skrini. Ni sili (mpira wa kuzuia maji kuvuja) na beringi ya mhimili ulio chini ya tini, na mpako wa ndani unaozuia mkate kugandia. Kabla ya kulipa, uliza kama tini na mwiko vinauzwa peke yake kama vipuri. Mashine isiyo na vipuri ina maisha ya tini yake tu.

Umeme hautenganishi sana aina hizi. Nyingi zina wati 450 hadi 700, na koili hufanya kazi kubwa katika ile saa moja ya kuoka tu. Hata wati 600 zikiwaka saa nzima bila kupumzika ni yuniti 0.6. Angalia tu kwamba volti za mashine ni zile za soketi yako, hasa ukiagiza kutoka nchi nyingine.

## Aina ya kwanza: tini ya wima, mwiko mmoja

Kiasi na sura. Mkate hutoka mrefu, wa pembe nne, umesimama. Ukiukata uliposimama unapata vipande virefu visivyoingia kwenye tosta nyingi. Ulaze ubavu, ukate kuanzia chini kwenda juu, upate vipande vya mraba. Tini nyembamba humudu kiasi kidogo vizuri, hata unga gramu 250 hadi 300, kwa sababu donge halina pa kukimbilia.

Ukandaji. Ni mzuri kuliko watu wanavyotarajia kwa mashine ya bei ya chini. Mwiko uko katikati na kuta ziko karibu, hivyo unga mkavu haubaki pembeni sana. Udhaifu wake huonekana kwenye donge zito la ngano isiyokobolewa: mkate ni mrefu, uzito wote unakaa juu ya sentimita chache za chini, na pale chini panakuwa pamebanana huku juu pakiwa laini.

Ganda na shimo. Kichwa cha mkate kiko mbali na koili, kwa hiyo ndicho hutoka cheupe zaidi kati ya aina zote tatu. Kuchagua ganda jeusi zaidi husaidia kidogo, lakini ubavu hukauka kabla juu hapajapata rangi. Shimo ni moja. Mkate ukikatwa umelazwa, shimo huharibu vipande viwili au vitatu vya chini tu.

Muda na taima. Programu za msingi zipo zote. Hamira inakaa juu ya unga mkavu ikisubiri, kwa hiyo mpangilio wako wa viungo ndio unaoilinda: maji chini, chumvi, sukari na mafuta ndani ya maji, unga ukifunika maji yote, kisha kishimo kidogo katikati ya unga ambamo hamira inaingia. Tini ikitikiswa baada ya hapo, hamira hufika kwenye maji na kuanza kazi saa nyingi kabla ya wakati.

Usafi na uimara. Mwiko mmoja, sili moja, beringi moja. Ndiyo rahisi kuliko zote kutunza, na haichukui nafasi kubwa mezani, ila acha uwazi wa juu wa kufungulia mfuniko.

Inamfaa mtu mmoja hadi watatu, anayekula zaidi mkate mweupe au mchanganyiko wa nusu kwa nusu, na yeyote anayetaka mashine ya kukandia tu huku akioka kwenye oveni.

## Aina ya pili: tini ya mlalo, miko miwili

Kiasi na sura. Hapa unapata umbo la mkate wa dukani, na vipande vinavyoingia kwenye tosta bila kupunguzwa. Inafanya kazi vizuri zaidi kwa unga gramu 450 hadi 600. Ukishuka chini ya gramu 400, donge hushikwa na mwiko mmoja, linakaa upande huo, na mkate huota mteremko.

Ukandaji. Hii ndiyo sababu ya kuilipia. Miko miwili hurushiana donge, nalo huvutwa kutoka pande zote mbili badala ya kuzunguka tu. Kwenye ngano isiyokobolewa na mikate yenye mbegu nyingi tofauti inaonekana ukikata kipande: matundu yamesambaa sawasawa kutoka chini hadi juu. Pembe nne za tini bado hushika unga. Katika dakika ya 5 hadi ya 8 ya kukanda, fungua mfuniko ukwangue pembe kwa mwiko wa plastiki au wa silikoni.

Kuna mtego mmoja katika aina hii. Dukani zimejaa mashine zenye tini ya mlalo lakini mwiko mmoja. Umbo linavutia, ukandaji si uleule: donge huganda upande mmoja na pembe za mbali hubaki nyeupe kwa unga. Usiamini picha. Fungua mfuniko uhesabu mihimili iliyo chini ya tini.

Ganda na shimo. Mkate ni mfupi, hivyo kichwa kiko karibu zaidi na joto. Baadhi, kama Zojirushi Virtuoso Plus, zina koili ya pili ndani ya mfuniko, na hizo hutoa rangi ya juu inayokaribia ya oveni. Mashimo ni mawili, na kila moja huharibu kipande kimoja au viwili, kwa hiyo hasara ya jumla ni kubwa kidogo kuliko ya tini ya wima.

Muda na taima. Programu ni zilezile, na nyingi za aina hii zinakuruhusu kupanga mwenyewe dakika za kukanda na kuumua. Hamira huwekwa kwa mkono kwenye kishimo cha unga, kama aina ya kwanza.

Usafi na uimara. Sili mbili, beringi mbili, miko miwili ya kutafuta ndani ya mkate kabla ya kukata. Ni pana na nzito, si ya kutoa na kurudisha kabatini kila mara. Ipe mahali pake pa kudumu.

Inamfaa familia ya watu wanne na kuendelea, wanaobeba mkate wa kazini na shuleni, na kila anayeoka zaidi ngano isiyokobolewa.

## Aina ya tatu: yenye visanduku na mwiko unaojikunja

Hizi mara nyingi zina mwiko mmoja, lakini zinafanya zenyewe mambo ambayo aina mbili za kwanza zinakuachia. Zipo zenye kisanduku cha hamira kwenye mfuniko, kama Panasonic nyingi. Zipo zenye kisanduku cha zabibu na karanga, na zipo zenye mwiko unaolala kabla ya kuoka kuanza, kama Custom Loaf ya Breville. Si kila moja ina vyote vitatu, kwa hiyo amua unachokihitaji kwanza.

Kiasi na sura. Nyingi hupokea saizi tatu au nne za mkate katika tini moja, kuanzia mkate wa gramu 500 hivi. Sura hutegemea tini: wima au mlalo mfupi.

Ukandaji. Ni kama wa mwiko mmoja mwingine wowote, isipokuwa zile zenye vihisi joto. Hizo huanza kwa kusubiri, nusu saa hadi saa nzima, viungo vilingane joto kabla ya mwiko kuzunguka. Wengi hudhani mashine imekufa siku ya kwanza. Haijafa, na kule kusubiri ndiko kunakofanya mkate wa msimu wa baridi ufanane na wa msimu wa joto.

Ganda na shimo. Mwiko ukijikunja vizuri, unabaki mkato mdogo chini ya mkate. Wenye kuchukia shimo watapenda hapa.

Muda na taima. Ndipo aina hii inapozishinda nyingine. Hamira inakaa juu, kavu, na kushushwa wakati wake, kwa hiyo mkate wa kuamkia asubuhi hauna wasiwasi. Hata hivyo usiweke maziwa mabichi wala mayai kwenye taima ya usiku kucha. Tumia maziwa ya unga pamoja na maji.

Usafi na uimara. Hapa ndipo kuna kazi. Kisanduku cha hamira kikiwa na unyevunyevu, hamira hunata ukutani, hushuka nusu, na mkate hutoka mfupi bila sababu unayoiona. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kiache kikauke kabisa. Kisanduku cha zabibu hukwama kikijazwa vitu vinavyonata, kwa hiyo zipakaze unga kidogo kwanza. Bawaba ya mwiko unaojikunja huingiwa na donge, likiokwa linakuwa gumu, na mara inayofuata mwiko haulali tena. Ulowekwe kila baada ya kuoka, usafishwe kwa mswaki laini. Sehemu zinazosogea ni nyingi, na kila moja ni kipuri kitakachotafutwa siku moja.

Inamfaa mwenye ratiba ngumu anayetegemea taima karibu kila siku, na anayependa mikate ya zabibu, mbegu na karanga bila kusimama karibu kusubiri mlio wa kuviongeza.

## Yasiyobadilika, mashine iwe ipi

Malalamiko mengi kuhusu mashine za mkate si ya mashine. Mashine hufuata saa, haiangalii unga. Donge likiumuka haraka au polepole, yenyewe itaanza kuoka dakika ileile. Kwa hiyo pima kwa mizani, si kwa kikombe. Kikombe kilichochotwa kwa kushindilia na kilichojazwa kwa kijiko vinaweza kupishana gramu 20 hadi 30, na ukipima vikombe vinne tofauti hiyo inatosha kuharibu mkate.

Mkate wa kwanza katika mashine yoyote uwe ule wa gramu 500 ulioandikwa hapo juu, kama tini inaumudu. Katika dakika ya 8 ya kukanda fungua mfuniko. Unatakiwa kuona donge moja la mviringo, laini, linalogusa ukuta na kuachia, likinata kidogo tu kwenye kidole. Likiwa limepasukapasuka na mota inanguruma, ongeza maji kijiko kimoja cha chai, subiri dakika moja, angalia tena. Likiwa limetandaa chini kama uji, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula kwa namna hiyohiyo. Ngano isiyokobolewa hunywa maji zaidi, mililita 350 hadi 375 kwa gramu 500, na donge lake linapaswa kunata zaidi kidogo kuliko la unga mweupe.

Mkate ukiporomoka katikati, uliumuka kupita kiasi kabla ya joto kuushika. Punguza maji mililita 15 na hamira robo, tumia maji baridi kukiwa na joto, na hakikisha hukusahau chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo inayoishikia hamira breki. Ukitoka mfupi na mzito, shuku hamira kwanza: koroga kijiko cha chai cha hamira na nusu kijiko cha sukari katika mililita 100 za maji ya vuguvugu, na kama baada ya dakika 10 hakuna povu, itupe. Maji ya moto nayo huua. Hamira haivumilii nyuzi 60 za Selsiasi. Ukiwa na shaka kama mkate umeiva, choma kipimajoto katikati: nyuzi 93 hadi 96 umeiva. Ukiwa chini ya hapo, rudisha tini na utumie programu ya kuoka tu kwa dakika 10.

Utoe mkate ndani ya dakika 10 baada ya kuiva. Hali ya kuhifadhi joto huufungia mvuke wake na ganda hulowa. Uache kwenye wavu saa moja kabla ya kukata. Mwiko ukiganda kwenye mhimili, mimina maji ya moto kiasi cha sentimita 2 ndani ya tini, subiri dakika 20, kisha uzungushe taratibu. Koleo na kisu vitakula mpako. Na usiizamishe tini nzima kwenye maji: maji yanayoingia kwa chini huosha grisi ya beringi, na baada ya miezi unaanza kuona matone meusi chini ya tini. Hiyo ndiyo sili ikiomba kubadilishwa.

Ukinunua iliyotumika, njoo na maji. Jaza tini sentimita 3, iweke juu ya karatasi kavu nusu saa. Karatasi ikilowa, sili imekwisha. Zungusha mhimili kwa mkono: uzunguke bila kukwaruza wala kuchezacheza pembeni. Kisha iwashe kwenye kukanda kwa dakika tano usikilize. Mngurumo wa sawasawa ni wa kawaida. Kuruka na kuteleza kwenye mashine ambayo mota huzungusha mhimili kwa mkanda ni dalili kwamba mkanda umelegea.

## Uchague ipi, kwa hali yako

Mko wawili au watatu, jikoni nafasi ni finyu, na mkate mweupe ndio wenu: tini ya wima inatosha, na pesa inayobaki inunue mizani nzuri.

Nyumba ina watoto wa shule na mkate unakwisha siku hiyohiyo: tini ya mlalo ya miko miwili. Kama pia mnakula ngano isiyokobolewa peke yake, bila kuchanganya na nyeupe, usihangaike na aina nyingine.

Unatoka alfajiri, unarudi usiku, na unataka mkate uwe tayari saa unayoitaka: yenye kisanduku cha hamira. Lakini ukijijua kwamba vyombo vidogovidogo hukaa bila kuoshwa hadi kesho, rudi kwenye tini ya wima na upange viungo kwa uangalifu.

Anayeepuka gluteni atazame programu kabla ya tini. Unga wake hauna cha kuvutwa, huumuka mara moja tu, na programu ya kawaida inayolipiga donge na kuliumua upya huuharibu. Tafuta iliyo na programu ya gluteni sifuri, au inayokuruhusu kufuta hatua ya pili mwenyewe, na uwe tayari kukwangua kuta kwa mkono kwa sababu mchanganyiko wake ni kama wa keki.

Unayetaka kukandiwa tu, kisha ukaange maandazi au uoke mikate ya duara kwenye oveni, aina yoyote itakufaa na ya bei ndogo ndiyo ya busara. Ukikanda zaidi ya unga gramu 700 kwa mara moja, hakuna hata moja kati ya hizi tatu iliyo sahihi. Mikisa ya kusimama yenye ndoano ndiyo chombo chako.

Na unapoishi panapokatika umeme mara kwa mara, uliza swali moja juu ya yote haya: umeme ukirudi, mashine inaendelea ilipoishia au inaanza upya? Nyingi hukumbuka kwa dakika 10 hivi, nyingine hazikumbuki kabisa, na jibu liko kwenye kitabu cha maelekezo. Isiyokumbuka ikikatiwa wakati wa kuumua, hamishia donge kwenye tini ya kawaida, lifunike, na likishajaa oka kwenye oveni au jiko ulilonalo.